Mgeni Ameshindwa Kuunganisha VPN Ofisini Kwako? Usizime Faiawoli, Fanya Hivi

Ilikuwa tarehe 18, siku mbili kabla ya siku ya mwisho ya kufaili ritani za VAT. Mshauri wetu wa kodi alikuwa amekuja ofisini na laptopu yake, akapewa meza, akapewa chai, akapewa nywila ya Wi-Fi. Mafaili aliyoyahitaji yalikuwa kwenye seva ya ofisi yake, na njia pekee ya kuyafikia akiwa nje ni VPN. Akabonyeza kuunganisha. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaandika kwamba seva haijibu. Akajaribu tena. Vile vile.

Baada ya nusu saa mzee wa watu alikuwa ameanza kutoa jasho. Akamgeukia dada yetu wa IT: "Madam, si uzime tu hiyo faiawoli dakika kumi nimalize?"

Dada akamjibu kwa upole: "Pole sana mzee wangu kwa usumbufu. Lakini nikiizima, sikufungulii wewe peke yako. Nafungulia kila mtu."

Sisi wa timu ya elimu kwa wateja si mafundi wa mtandao. Tulikuwa tumekaa meza ya pili tu, tukisikiliza, na tukakumbuka kwamba wateja wetu wengi wanapitia jambo hili. Mkaguzi wa hesabu anakuja dukani kwako, mfanyakazi wa shirika anakuja kliniki yako, au fundi wa mfumo wa stoo anatoka Nairobi hadi Kisumu, kisha VPN yake inagoma. Mara nyingi suluhisho linalotolewa ni lile lile: "Zima faiawoli kidogo." Kwa biashara inayopokea malipo kwa simu na kwa kadi, hilo ndilo suluhisho baya kuliko yote. Kwa hivyo tuliketi na dada wa IT, tukamuuliza maswali yote ya kijinga, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, VPN inataka nini na faiawoli inakataa nini?

Chukulia faiawoli kama askari wa geti la jengo. Kazi yake ni kuangalia nani anaingia, nani anatoka, na kupitia mlango gani. Mtandao una milango mingi sana yenye namba, na mafundi huiita poti. Tovuti za kawaida hupitia poti 443, kwa hivyo karibu kila askari anaijua na anairuhusu.

VPN ni njia iliyofichwa kutoka laptopu ya mgeni hadi ofisini kwao. Kila kinachopita ndani yake kimefungwa kwa msimbo, na askari wako hawezi kukisoma. Yeye anaona kitu kimoja tu: gari lenye vioo vyeusi linataka kutoka kwa mlango ambao hautumiki kila siku. Askari mzuri atasema hapana. Kwa maneno mengine, VPN ya mgeni ikikataa, mara nyingi si kwamba kitu kimeharibika. Faiawoli yako inafanya kazi uliyoipa.

Jambo moja muhimu ambalo watu wengi hukosea: VPN ya mgeni *inatoka*, haiingii. Laptopu yake ndiyo inayoanza mazungumzo na seva ya kwao. Faiawoli za kisasa hukumbuka nani alianza mazungumzo na huruhusu majibu yarudi zenyewe. Kwa hivyo huhitaji kufungua mlango wowote wa kuingia kutoka nje. Fundi akikuambia lazima aelekeze poti kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye laptopu ya mgeni, mwambie asubiri kwanza. Hiyo ni ya mtu anayeendesha seva, si ya mtu anayeunganisha VPN.

Kwa nini kuzima faiawoli kunaweza kukugharimu

Tuseme ukweli bila kutishana. Ukitumia programu rasmi ya malipo, PIN yako husafiri ikiwa imefungwa kwa msimbo, na mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe hawezi kuisoma hivi hivi. Lakini biashara si PIN tu. Kwenye mtandao huo huo kuna kompyuta ya keshia yenye rekodi za mauzo na namba za simu za wateja, mashine ya kadi, printa, kamera za CCTV, na ukurasa wa kusimamia ruta yenyewe. Wengi hawajawahi kubadilisha nywila ambayo ruta ilikuja nayo.

Faiawoli ikizimwa, ukuta kati ya mgeni na vifaa hivyo unaanguka. Mgeni anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini laptopu yake imepita hoteli ngapi, mikahawa mingapi na ofisi ngapi wiki hii? Virusi vikiwa ndani yake havitaomba ruhusa.

Pia kuna sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, biashara inayoshika taarifa za wateja ina wajibu wa kuzilinda. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu. Hakuna anayetaka kuandika barua hiyo na kueleza kwamba "tulizima ulinzi dakika kumi kwa sababu ya mgeni".

Na hizo dakika kumi, sisi sote tunajua, huwa haziishi. Mgeni anamaliza saa kumi na moja jioni, kila mtu anakimbilia matatu, na faiawoli inalala ikiwa imezimwa.

Hatua ya 1: Jaribu na hotispoti ya simu

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, mwambie mgeni atoke kwenye Wi-Fi ya ofisi, awashe hotispoti kwenye simu yake, aunganishe laptopu, kisha ajaribu VPN. Itachukua dakika mbili na MB chache tu.

- VPN ikikubali kwenye hotispoti na kukataa kwenye Wi-Fi yako, shida iko upande wako. Endelea kusoma.
- VPN ikikataa kote kuwili, shida inaelekea kuwa upande wake: akaunti imefungwa, nywila imekwisha muda, au seva yao iko chini. Apigie ofisi yake. Wewe usibadilishe chochote.

Na kama kazi yake ni ya saa moja tu, pengine hotispoti ndiyo jibu lenyewe. Mnunulie bando la data umalize mambo. Bando la siku moja ni bei nafuu kuliko kumlipa fundi kuja kufungua faiawoli, na mtandao wako haujaguswa. Hatua zinazofuata ni za mgeni atakayekaa siku kadhaa, au anayefanya kazi na mafaili makubwa ambayo bando halitamudu.

Hatua ya 2: Angalia vitu vidogo vinavyosahaulika

Je, Wi-Fi yako ina ule ukurasa wa kukaribisha, unaomtaka mtu aandike jina au akubali masharti? Mpaka mgeni afungue kivinjari na kumaliza ukurasa huo, VPN haitatoka. Tatizo ni kwamba baadhi ya laptopu za kampuni zimewekwa zisifungue chochote mpaka VPN iwake kwanza. Hapo mnakwama: ukurasa unangoja mgeni, VPN inangoja ukurasa. Dawa ni kuiruhusu laptopu hiyo moja ipite bila ukurasa, na mifumo mingi ya Wi-Fi inakubali hivyo.

Angalia pia saa na tarehe ya laptopu. Inaonekana mchezo, lakini VPN nyingi hukagua cheti cha seva, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ya laptopu ikiwa nyuma mwaka mmoja, cheti kitaonekana bado hakijaanza kutumika, na VPN itakataa huku kila kitu kingine kikiwa sawa.

Hatua ya 3: Muulize mgeni maswali matatu

Usianze kufungua milango kwa kubahatisha. Mwombe mgeni apige simu kwa watu wao wa IT aulize:

1. VPN yenu ni ya aina gani?
2. Inatumia poti zipi, na ni za UDP au TCP?
3. Seva yenu ina jina au anwani gani?

Jibu la tatu ndilo wengi husahau kuuliza, na ndilo lenye thamani zaidi. Ukijua anwani ya seva, unaweza kumwambia askari wako: "Mruhusu huyu mgeni, kwenda kwa nyumba ile tu, kupitia mlango ule tu." Bila anwani, utakuwa unasema: "Ruhusu mtu yeyote kwenda popote." Hizo ni amri mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 4: Fungua mlango mmoja, si ukuta mzima

Hizi ndizo aina za VPN unazoweza kukutana nazo, na kila moja inavyotaka. Mpe fundi wako orodha hii.

*IPsec, pamoja na IKEv2.* Inataka UDP 500 na UDP 4500. Mazungumzo huanzia 500. Zikigundua kwamba laptopu iko nyuma ya ruta inayotumia anwani moja ya nje kwa watu wengi, kama ilivyo karibu ofisi zote, pande hizo mbili huhamia 4500. Ndiyo maana kufungua 500 peke yake hakutoshi: VPN itaanza vizuri, halafu ikwame katikati.

*L2TP juu ya IPsec.* Ni zile zile, UDP 500 na 4500. Utasikia mtu akitaja pia poti 1701. Hiyo husafiri ndani ya kifurushi cha IPsec, kwa hivyo faiawoli yako haiioni na hakuna haja ya kuifungua.

*OpenVPN.* Kwa kawaida ni UDP 1194. Kampuni nyingi pia huiweka kwenye TCP 443 kwa ajili ya wageni walio kwenye mitandao migumu. Itakuwa polepole kidogo, lakini itapita.

*WireGuard.* Ni UDP, na mara nyingi poti ni 51820, ingawa mwenye seva anaweza kuchagua nyingine. Ndiyo maana swali la pili hapo juu ni lazima.

*VPN za SSL.* Hizi hutumia TCP 443, poti ile ile ya tovuti, na baadhi huongeza UDP 443 ili kupata kasi. Kwa kawaida hazisumbui. Zikisumbua, angalia kama faiawoli yako hufungua na kukagua mawasiliano ya tovuti kabla ya kuyaruhusu. VPN ikigundua kwamba kuna mtu katikati anafungua bahasha, itakataa, na iko sahihi kukataa. Weka anwani ya seva hiyo moja kwenye orodha ya zisizofunguliwa.

*PPTP.* Inataka TCP 1723 pamoja na itifaki namba 47, iitwayo GRE, ambayo si poti kabisa. Ushauri wetu ni mfupi: usihangaike. Ni teknolojia ya zamani ambayo usalama wake umevunjwa, na Apple waliiondoa kwenye simu na kompyuta zao mwaka 2016. Mgeni akikuambia ofisi yao bado inatumia PPTP, mshauri kwa heshima wabadilishe, na kwa siku hiyo atumie hotispoti.

Ukishafungua na bado inakataa, angalia jambo lingine: faiawoli nyingi za ofisi haziangalii poti tu, zinaangalia pia aina ya programu. Kuna kundi lililoandikwa "VPN" au "Proxy" ambalo limezuiwa moja kwa moja, ili wafanyakazi wasipite pembeni ya sheria za ofisi. Hata ufungue poti kumi, kundi likizuiwa VPN haitoki. Usiliondolee kila mtu kizuizi hicho. Mwekee mgeni huyo ruhusa ya pekee.

Kama huna faiawoli kubwa bali ruta ndogo tu iliyowekwa na kampuni ya intaneti, kuna uwezekano kwamba haizuii chochote kinachotoka. Ingia kwenye mipangilio yake utafute palipoandikwa "VPN Passthrough". Kama "IPsec" imezimwa hapo, iwashe, kisha ujaribu. Kama tayari imewashwa na VPN bado inagoma, jaribu kuizima. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwenye baadhi ya ruta, msaada huo ndio unaovuruga mambo.

Imeunganika, lakini hakuna kinachofunguka

Turudi kwa mzee wetu. Dada wa IT alikuta faiawoli yetu imeruhusu UDP 500 lakini si 4500. Akaweka ruhusa ya 4500, kwa laptopu hiyo, kwenda kwa anwani ya seva ya kwao tu. VPN ikaunganika. Tukapiga makofi. Halafu mzee akabonyeza folda ya mafaili na hakuna kilichofunguka.

Hapa ndipo tulipojifunza kwamba "imeunganika" na "inafanya kazi" ni vitu viwili. Kuna sababu nne za kawaida.

*Anwani zimegongana.* Hii ndiyo iliyotupata sisi. Mitandao ya ndani hutumia anwani ambazo hazionekani kwenye intaneti: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.1 au 192.168.0. Wi-Fi yetu ya wageni ilikuwa 192.168.1. Ofisi ya mzee pia ilikuwa 192.168.1. Laptopu ilipotafuta seva yenye anwani 192.168.1.10, ikafikiri ni kitu kilicho hapa hapa kwenye jengo letu, ikakitafuta hapa, ikakikosa. Ni kama kumwambia bodaboda akupeleke "Kanisani" bila kutaja mtaa. Atakupeleka lililo karibu.

Dawa ni kuibadilisha Wi-Fi ya wageni itumie anwani zisizo za kawaida. Sisi tulihamia 192.168.77. Kazi ya dakika tano. Mzee akaunganisha upya, folda ikafunguka, na alasiri ya siku iliyofuata ritani zilikuwa zimefailiwa.

*Vifurushi ni vikubwa mno.* Dalili yake ni hii: VPN inaunganika, ujumbe mfupi unapita, lakini faili kubwa au ukurasa mzito unaganda. Kila kifurushi cha data kina ukubwa wa mwisho, kwa kawaida baiti 1500. VPN huongeza bahasha yake juu, na kifurushi kinazidi kipimo cha njia. Fundi apunguze kipimo hicho, kiitwacho MTU, kwenye VPN ya laptopu hadi 1400. Ikiendelea kuganda, ashuke hadi 1300.

*Inakatika mgeni akitulia.* Akiandika inafanya kazi, akienda chai akirudi imekufa. Faiawoli hufuta kumbukumbu ya mazungumzo ya UDP yakikaa kimya kwa muda. Mwombe mgeni awashe kwenye VPN yake ule mpangilio wa kutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde chache. Wanaotumia WireGuard huweka sekunde 25. Au fundi wako aongeze muda wa faiawoli kusubiri.

*Wageni ni wawili.* Wa kwanza anaunganika, wa pili akijaribu anakataliwa, au anamtoa wa kwanza. Ruta za zamani huweza kuhudumia mtu mmoja tu kwa wakati anayekwenda kwenye seva ile ile kwa IPsec au PPTP. Wabadilishe waende VPN ya poti 443, au mmoja atumie hotispoti.

Mahali sahihi pa mgeni: Wi-Fi ya wageni

Hata ukifungua mlango kwa uangalifu, usimfungulie akiwa kwenye mtandao mmoja na keshia. Laptopu yenye VPN imesimama kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja: wako na wa kwao. Kikitokea kitu kibaya kwao, laptopu hiyo ni daraja la kufika kwako, na kwako kufika kwao.

Ruta nyingi, hata zile ndogo, zina sehemu iliyoandikwa "Guest Network". Iwashe, ipe jina na nywila yake, na hakikisha umechagua wageni wasiweze kuona vifaa vya ndani. Kisha jaribu mwenyewe: unganisha simu yako kwenye Wi-Fi ya wageni, jaribu kufungua ukurasa wa kamera za CCTV au kuchapisha kwenye printa ya ofisi. Ukifaulu, hujatenganisha bado.

Kwenye ofisi kubwa, fundi atatumia VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa vipande ambavyo havionani. Kipande cha malipo, kipande cha wafanyakazi, kipande cha wageni. Ruhusa ya VPN inawekwa kwenye kipande cha wageni tu.

Kasoro moja: mgeni hataweza kuchapisha kwenye printa yako. Usitafute njia ya mkato. Akutumie faili kwa barua pepe, umchapishie wewe.

Mgeni akiondoka, mlango ufungwe

Hapa tutajisema wenyewe. Siku ile dada wa IT alipofungua orodha ya ruhusa za faiawoli yetu, alikuta ruhusa nyingine ya mgeni ambaye hakuna aliyekumbuka ni nani. Ilikuwa wazi, kwenda popote, na hakuna aliyejua tangu lini. Sisi, kampuni inayowaambia wateja kila wiki walinde PIN zao. Tuliona aibu, na tukabadilisha utaratibu siku hiyo hiyo.

Sasa kila ruhusa ya mgeni ina mambo manne yaliyoandikwa kando yake:

- Ni ya nani na anatoka wapi
- Inaruhusu kwenda wapi, kwa poti ipi
- Nani hapa ofisini aliyemwalika
- Inaisha tarehe gani

Faiawoli nyingi zinakubali ruhusa yenye tarehe ya mwisho, ikifika inajizima. Kama yako haina, weka kikumbusho kwenye simu. Nywila ya Wi-Fi ya wageni nayo ibadilishwe mara kwa mara, hasa mgeni wa muda mrefu akiondoka.

Maswali tunayoulizwa sana

*Je, naweza kutumia VPN kwenye simu ninayopokelea malipo?*
Kama ni VPN ya kazini kwako iliyowekwa na mtu wa IT unayemjua, sawa. Lakini hizo VPN za bure zisizojulikana, achana nazo kwenye simu ya biashara. Mwenye VPN ndiye anayepitisha mawasiliano yako yote. Ukimkimbia mwizi wa Wi-Fi ukaingia kwa mtu usiyemjua, hujafika popote.

*Mgeni anasema ili VPN ikubali lazima aweke programu kwenye kompyuta ya keshia. Nikubali?*
Hapana. VPN yake inakaa kwenye laptopu yake. Anayesisitiza kuweka kitu kwenye kompyuta yako ya malipo, mwombe barua kutoka kwa kampuni yake, kisha upige simu kwa kampuni hiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile anayokupa yeye.

*Nitajuaje kama huyu ni mkaguzi wa kweli?*
Swali zuri kuliko yote. Ufunguzi wa faiawoli uanze na kitambulisho, jina kwenye kitabu cha wageni, na mtu wa ofisini anayesema "huyu ni mgeni wangu". Mtu aliyekuja bila miadi na wa kwanza kuulizia ni mtandao, mpe chai, usimpe nywila.

*Sina fundi wa IT. Nifanye nini?*
Hatua ya 1 na ya 2 unaweza kuzifanya mwenyewe, na Wi-Fi ya wageni pia. Mambo ya poti, piga simu kwa kampuni iliyokuwekea intaneti, uwasomee majibu ya yale maswali matatu. Mkiongea mkiwa na majibu hayo, simu itakuwa fupi.

Kwa ufupi

Bandika hii karibu na ruta:

1. Jaribu hotispoti kwanza.
2. Maliza ukurasa wa Wi-Fi, angalia saa ya laptopu.
3. Uliza: aina gani, poti zipi, seva gani.
4. Fungua mlango mmoja, kwa mgeni mmoja, kwenda mahali pamoja.
5. Kwenye Wi-Fi ya wageni tu, kamwe si kwenye mtandao wa malipo.
6. Andika tarehe ya kufunga, na ufunge.

Mzee wetu alirudi mwezi uliofuata. Safari hii VPN iliunganika kabla chai haijapoa, na baada ya siku mbili ruhusa yake ikajifunga yenyewe. Hakuna aliyezima chochote.

Na kama kawaida: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN yako, iwe kwa simu, kwa ujumbe au ana kwa ana, hata kama anasema anakusaidia na mtandao. Ukiombwa, kata simu, kisha utujulishe kupitia namba iliyo ndani ya programu yetu.